Miaka tisa nalipa, na bei imepanda tena: nikijitoa watajali?

"Nimekuwa mteja wa huduma moja ya video ya kulipia kwa mwezi kwa miaka tisa. Wiki iliyopita nilipokea barua pepe kwamba bei inapanda, mara ya tatu ndani ya miaka minne. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Mume wangu anasema ni hela ndogo, niache makelele. Mtandaoni kila mtu anaapa kujitoa, na mimi pia niliandika kwa hasira kwamba nimemalizana nao. Lakini wiki imepita na sijabonyeza popote. Watoto wana katuni zao, mama mkwe ana tamthilia yake. Nimesoma pia kwamba kampuni hizi huzidi kupata wateja baada ya kupandisha bei. Je, hasira yetu ina maana yoyote? Nikijitoa watajali? Na kwa nini mtu wa miaka tisa analipa sawa na aliyejiunga jana? Shemeji ananishauri ninunue kisanduku kinachofungua kila kitu bure."

Dada yangu, nianze na ile mikono iliyotetemeka, maana naona ndiyo iliyokusukuma uniandikie. Umekasirishwa na kiasi ambacho kwa mwezi mmoja hakibadilishi maisha yako, mumeo akakuambia hivyo, nawe ukaanza kujishuku. Usijishuku. Hasira hii ina sababu zake, na watu makini wamezichunguza kwa miaka mingi.

Bei uliyoilipa kwa muda mrefu haikai kichwani kama bei tu. Inageuka kuwa kipimo cha haki: hivi ndivyo tulivyokubaliana, mimi na wao. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu huumia zaidi anapopoteza kitu kuliko anavyofurahi anapopata kitu cha thamani hiyohiyo. Barua ile ilikuambia umepoteza. Kumbuka mwezi walioongeza filamu mpya kumi kwa bei ileile: hukutetemeka kwa furaha, na pengine hata hukugundua.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi kwa sababu unagusa kidonda chenyewe. Mwaka 1986 Kahneman na wachumi Jack Knetsch na Richard Thaler waliwauliza watu maoni kuhusu duka linalouza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15. Asubuhi baada ya dhoruba kubwa, duka linapandisha hadi dola 20. Je, ni haki? Asilimia 82 walisema hapana. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watu wengi hukubali bei kupanda pale gharama za muuzaji mwenyewe zinapokuwa zimepanda. Kwa hiyo dola tano peke yake haikuwa tatizo. Watu walitaka kujua kama muuzaji analazimika, au ameona huna pa kukimbilia. Sasa rudi kwenye barua yako uisome tena. Nina hakika kuna sentensi inayosema wanapandisha ili waendelee kukuletea vipindi unavyovipenda. Sentensi hiyo haijibu swali la sepetu, na wewe ulilisikia pengo hilo kabla hujaweza kulitaja.

Sasa mumeo. Kwa mwezi huu mmoja yuko sahihi. Kwa mfululizo wa miaka, amekosea. Chukua kifurushi cha kawaida cha Netflix nchini Marekani, ambacho bei zake zinajulikana vizuri. Mwaka 2011 kutazama kwa intaneti kulikuwa dola 7.99 kwa mwezi. Ikaja 8.99 mwaka 2014, 9.99 mwaka 2015, 10.99 mwaka 2017, 12.99 mwaka 2019, 13.99 mwaka 2020, 15.49 mwaka 2022, na 17.99 Januari 2025. Hatua saba. Hakuna hata moja inayofika dola tatu, na kila moja ina mtu aliyesema ni hela ndogo. Zikijumlishwa ni dola 10 kila mwezi, 120 kwa mwaka. Bandu bandu huisha gogo, na wanaopanga bei wanajua kabisa ukubwa wa kibandu ambacho jicho la mteja hulipita.

Kwa uadilifu niseme pia upande wao. Dola 7.99 ya 2011 ingekuwa takribani dola 11 leo kwa mfumuko wa bei peke yake, na huduma ya wakati ule karibu yote ilikuwa kazi za kukodi kutoka kwa wengine. Mwaka 2024 Netflix ilitumia karibu dola bilioni 17 kutengeneza na kununua vipindi. Na bei nyingi za mwanzo zilikuwa chambo tangu siku ya kwanza. Disney+ ilifunguliwa Novemba 2019 kwa dola 6.99, ikapata hasara kubwa mwaka hadi mwaka ili ikusanye watu haraka. Aprili 2022 Netflix ikatangaza kwamba imepungukiwa wateja 200,000, hisa zake zikaanguka asilimia 35 kwa siku moja, na wawekezaji wakabadilisha wimbo kwa sekta nzima: tusionyeshwe idadi tena, tuonyesheni faida. Disney+ bila matangazo ilifika dola 18.99 Oktoba 2025. Ukijua hili utaona kwamba bei uliyoingia nayo miaka tisa iliyopita haikuwa bei halisi ya kitu ulichopewa. Sisemi hivyo ili uridhike. Nataka hasira yako iwe na anwani sahihi: walikuonyesha bei ambayo wao wenyewe walijua haitadumu, na hawakukuambia.

Swali lako kubwa ni kama watajali. Nikujibu kwa kisa ambacho sekta nzima inakikumbuka.

Julai 2011 Netflix ilikuwa na kifurushi kimoja cha dola 9.99 kilichounganisha DVD zinazoletwa kwa posta na kutazama kwa intaneti. Ikakipasua vipande viwili, kila kimoja dola 7.99, yaani 15.98 kwa aliyetaka vyote. Ongezeko la asilimia 60. Wateja wakawaka. Septemba mkurugenzi mkuu, Reed Hastings, akaomba radhi kwa jinsi walivyolieleza jambo hilo, na katika tangazo hilohilo akasema DVD zitahamia kwenye kampuni ndogo yenye jina Qwikster: tovuti mbili, akaunti mbili, orodha mbili za filamu. Moto ukazidi. Oktoba 10 Qwikster ikafutwa kabla haijaanza. Katika robo mwaka ya Julai hadi Septemba walipoteza wateja 800,000 Marekani, na hisa zilizokuwa karibu dola 300 mwezi Julai zilikuwa chini ya dola 70 mwisho wa Novemba.

Huu ni miongoni mwa uasi mkubwa ambao huduma ya video ya aina hii imewahi kuuona. Lakini angalia kilichorudishwa na ambacho hakikurudishwa. Qwikster ilikufa. Bei ilibaki. Hata siku ile, wateja wakiwa wanaondoka kwa malaki na hisa zikiporomoka, zile dola 7.99 mbili hazikurudi kuwa 9.99 moja. Hasira ya umma iliweza kuzuia usumbufu mpya. Haikuweza kufuta ongezeko.

Na kampuni zilijifunza. Hazikujifunza kutopandisha. Zilijifunza namna ya kupandisha. Mwaka 2014 Netflix ilipoongeza dola moja, iliwagusa wateja wapya tu, wa zamani wakaachwa na bei yao kwa miaka miwili. Mwaka 2016 kinga ile ilipokwisha, wateja waliongezeka kwa takribani milioni 1.7 katika robo ya pili ya mwaka, wakati kampuni ilitarajia milioni 2.5. Mwaka 2019, baada ya ongezeko jingine, ikapoteza wateja 126,000 Marekani katika robo moja. Kila mara waliumia kidogo, kwa muda mfupi, kisha mstari ukaanza kupanda tena. Hivyo jibu la "watajali?" ni ndiyo, kwa miezi mitatu hivi.

Niseme nilikojifunzia kuamini hivyo. Niliwahi kufanya kazi miaka kadhaa upande wa pili wa barua ya aina uliyopokea, katika kampuni ya video ambayo sitaitaja. Siku barua inapotoka tulikuwa tunakaa mbele ya skrini kubwa yenye mstari mmoja: idadi ya waliobonyeza kujitoa, saa kwa saa. Mstari ule huchora vilima viwili. Cha kwanza ni siku ya barua. Cha pili, ambacho watu wengi hawakifikirii, ni siku makato ya kwanza ya bei mpya yanapoingia na mtu anaona kiasi kwenye ujumbe wa benki. Baada ya hapo mstari hushuka taratibu, na ndani ya wiki chache unakuwa umerudi karibu na ulipokuwa. Siku ya kwanza kuna mtu aliyesoma maoni ya wateja mtandaoni kwa sauti. Siku ya tatu hakuna aliyeyasoma. Nilikuwa nimekaa pale nikijua kwamba kati ya maneno yale makali kuna watu walioumia kweli, na chumba kizima kilikuwa kinatazama mstari.

Hesabu ya chumba kile ni rahisi, na nataka uishike. Chukua wateja 100 wanaolipa 10 kila mmoja: mapato ni 1,000. Pandisha bei kwa asilimia 15, kila mmoja analipa 11.5. Ili mapato yarudi kwenye 1,000, lazima wateja 13 kati ya 100 waondoke, na waondoke moja kwa moja. Wakiondoka watatu, au watano, kampuni imeshinda. Wawili kati ya hao wakirudi baada ya miezi mitatu, imeshinda zaidi. Ndiyo maana unaposoma kwamba "kila mtu anajitoa" halafu taarifa ya mapato inatoka nzuri, hakuna aliyedanganya. Waliosema ni wengi, waliobonyeza ni wachache, na kizingiti cha kuwaumiza kiko juu kuliko tunavyodhani.

Na wanaojiunga wapya? Hawa hawana kumbukumbu ya bei ya zamani. Kwao bei ya leo haijapanda kutoka popote, ni bei tu, wanaipima na burudani nyingine wanayoijua. Hilo linaeleza kitu kingine ambacho huwauma wateja wa siku nyingi: bei hupandishwa kampuni ikiwa na nguvu. Netflix ilitangaza ongezeko la Januari 2025 katika taarifa ileile iliyosema imepata karibu wateja wapya milioni 19 ndani ya miezi mitatu. Kisha, kuanzia mwaka huo, ikaacha kutangaza idadi ya wateja kila robo mwaka. Ile namba ya waliokimbia ambayo 2011 na 2019 sote tuliisoma, sasa inabaki ndani.

Hapa ndipo linapokuja lile lako la miaka tisa, na sitalipamba. Katika biashara hii, kukaa muda mrefu hakukuongezei heshima kwenye bei. Kunakupunguzia. Mteja wa miezi miwili anaweza kutoweka kesho, hivyo anabembelezwa. Mteja wa miaka tisa amejionyesha mwenyewe kwamba barua mbili zilizopita hazikumwondoa, hivyo hata kwa ya tatu anakadiriwa kwamba atabaki. Punguzo huenda kwa anayeingia, kwa anayerudi, na wakati mwingine kwa aliyeshika kitasa cha mlango. Sikuwahi kuona katika kazi yangu punguzo lililotolewa kwa mtu kwa sababu tu alikaa. Ninajua hilo linauma, maana sisi tumelelewa kwamba uzoefu na udugu wa siku nyingi vina uzito sokoni. Kwa muuzaji anayekujua jina, vina uzito. Kwa mashine inayokata kadi kila tarehe moja, wewe ni namba yenye uwezekano mdogo wa kuondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa msingi ni huu: acha kuiona huduma hii kama uhusiano ulioingia miaka tisa iliyopita. Ione kama kitu unachokinunua upya kila mwezi. Ukikaa, uwe umekinunua. Ukitoka, uwe umeamua kutonunua mwezi huu. Wiki nzima umeahirisha kwa sababu kujitoa kunaonekana kama talaka, kunahitaji uamuzi mzito, wakati kubaki hakuhitaji hata kidole. Hilo nalo halikumshangaza mtu yeyote kwenye chumba kile.

Anza na hesabu, kabla hasira haijapoa wala haijakuendesha. Baadhi ya huduma zina ukurasa kwenye akaunti unaoonyesha kila kilichotazamwa, tarehe kwa tarehe, kwa kila wasifu. Ufungue usome miezi mitatu ya nyuma. Niliwahi kukaa na dada mmoja tukafanya hivyo kwa huduma tatu alizokuwa akilipia. Moja alikuta imefunguliwa mara ya mwisho miezi minne nyuma, dakika mbili, na mtoto aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Alinyamaza akiitazama ile tarehe, kisha akaifunga huduma hiyo palepale. Ile nyingine aliyokuwa anaisema vibaya sana ndiyo iliyokuwa ikitazamwa kila jioni. Aliendelea kuilipia, na tangu siku hiyo hasira yake iliisha, kwa sababu sasa alijua analipia nini.

Kama ukurasa wako utaonyesha mama mkwe anatazama kila siku na watoto kila mwisho wa wiki, sitakuambia ujitoe ili kutimiza ulichoandika kwa hasira. Bakini, mlipe, na usijilaumu. Ila kama ni tamthilia moja tu, na vipande vyake vinatoka kimoja kimoja kwa wiki, fikiria kusubiri. Msimu ukishatimia, jiunge mwezi mmoja, aitazame yote, kisha mtoke hadi msimu ujao. Watoto wadogo hurudia katuni zilezile mara ishirini, na huduma nyingi zenye vipindi vya watoto zinaweza kupokezana mwezi kwa mwezi bila wao kulalamika kwa zaidi ya siku mbili. Kuzungusha huduma namna hii ndiyo njia inayookoa fedha nyingi zaidi kwa familia ya kawaida. Tatizo lake ni kwamba inataka mtu mmoja nyumbani akumbuke tarehe, na mara nyingi mtu huyo anakuwa wewe. Ipime na uchovu wako pia. Na mama mkwe umkalishe umweleze mapema. Asije akakuta skrini nyeusi katikati ya kisa akadhani amekukosea.

Kushuka kwenye kifurushi chenye matangazo kunastahili hesabu yake, maana hapo ndipo kampuni zinapotaka wengi waangukie. Netflix ilipokianzisha Novemba 2022 ilisema matangazo yatakuwa wastani wa dakika nne hadi tano kwa saa. Ukitazama saa 20 kwa mwezi, hiyo ni dakika 80 hadi 100 za matangazo. Januari 2025 tofauti kati ya 7.99 na 17.99 ilikuwa dola 10. Yaani unalipwa dola 10 kukaa na matangazo kwa saa moja na nusu hivi. Kwa nyumba inayotazama saa chache ni biashara nzuri. Kwa nyumba yenye televisheni inayowaka kutwa, matangazo yanaongezeka na akiba inabaki ileile. Jua tu kwamba kifurushi hiki nacho kilianza kwa dola 6.99, nacho kimepanda.

Malipo ya mwaka mzima, pale yanapotolewa, hufunga bei kwa miezi 12 na kwa kawaida huja nafuu. Yachukue kwa huduma ambayo ile historia imethibitisha mnaitumia mwaka mzima, na usiyachukue kwa huduma unayotaka kuitia adabu.

Kuhusu kisanduku cha shemeji: mshukuru, ukatae. Mbali na kuwa ni wizi wa kazi za watu, vifaa vile huuzwa vikiwa na programu usizoweza kuzikagua, vinaunganishwa kwenye intaneti ileile unayotumia kuingia benki, na siku seva zao zikifungwa hakuna wa kumdai.

Ukiamua kutoka, toka sawasawa, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza fedha wakidhani wameshatoka. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Kufuta kadi pia si njia salama, kwani wakati mwingine deni hubaki likisubiri. Sitisha mahali ulipojiungia: kama ni kwenye tovuti yao, huko, kama ni kupitia duka la programu la simu au kifurushi cha kampuni ya simu, ni huko na wala si kwingine. Wanaolipia kupitia duka la Apple wajue kwamba baadhi ya maongezeko yanahitaji mteja akubali, la sivyo usajili unakoma wenyewe, lakini tangu 2022 maongezeko madogo yanaweza kupita kwa taarifa tu. Hivyo usidhani ukimya wako umehesabiwa kuwa kukataa. Usiogope kusitisha mapema: kwa kawaida unaendelea kutazama hadi siku ya mwisho uliyolipia, na huduma nyingi hukuhifadhia orodha na wasifu wako kwa miezi kadhaa. Wakikutokezea na punguzo wakati unabonyeza, soma linaisha lini kabla hujafurahi. Na picha ya ukurasa unaosema usajili umesitishwa, pamoja na barua pepe ya uthibitisho, viweke mahali utakapoviona.

Vitu hivyo viwili ndivyo utakavyovibeba kama mambo yataharibika. Ukikatwa tena baada ya kusitisha, andikia huduma kwa wateja mara moja. Ukikatwa mara ya pili, usiendelee kubishana na roboti ya mazungumzo: nenda benki yako mwenyewe, kwenye dirisha, ukiwa na uthibitisho uliochapishwa, uombe makato hayo yapingwe na ruhusa ya kampuni hiyo ifutwe kwenye kadi. Mamlaka ya kulinda walaji nayo ipo kwa ajili hiyo. Ujerumani, tangu Julai 2022, anayeuza usajili mtandaoni analazimika kisheria kuweka kitufe cha kujitoa kinachoonekana. Marekani kanuni kama hiyo ilipitishwa Oktoba 2024 ikafutwa na mahakama ya rufaa Julai 2025, lakini Septemba mwaka huohuo Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyohusu jinsi watu walivyoingizwa kwenye usajili wake wa Prime na ugumu wa kutoka. Kwa hiyo usione haya kufungua malalamiko kwa kiasi kidogo. Na kama mwenye akaunti ni mzee anayekatwa na huduma asizozifahamu, au ni marehemu na makato yanaendelea, au kama ukikaa na karatasi zako unakuta usajili huu ni tone tu kwenye madeni yasiyolala, tafuta mtu wa ana kwa ana: afisa wa benki, mshauri wa madeni, au mwanasheria. Hayo hayatatuliwi kwa maandishi yangu.

Mwisho wa kujitoa utakutana na kisanduku kinachouliza sababu. Watu wengi hukiruka, au huandika aya ndefu ya uchungu kwenye nafasi iliyo wazi. Nilipokuwa ndani, aya zile zilisomwa na mtu mmoja, akipata nafasi. Ila vile vidoti vya kuchagua vilihesabiwa vyote, kila asubuhi, na jumla yake iliwekwa juu kabisa ya ripoti iliyokwenda kwa wanaopanga bei. Kwa hiyo hata ukitoka mwezi mmoja tu na kurudi, chagua kidoti cha bei.